Ng'ombe Kwenye Mizani, Pesa Nairobi

Mtu akitaka kuelewa jinsi mgogoro wa kazi katika utumishi wa umma unavyochelewesha pesa za mkulima, mji wa Athi River, kaunti ya Machakos, una malango mawili yanayofaa kutazamwa pamoja. La kwanza ni la EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje lililozaliwa na sheria ya mwaka 1990, ambako maelfu ya watu, wengi wao wanawake, hushona nguo za soko la Marekani. La pili ni la Tume ya Nyama Kenya, KMC, kiwanda cha umma cha kuchinja na kusindika nyama. Kampuni ya Liebig ilijenga kiwanda mjini hapa mwaka 1938, serikali ya kikoloni ikaunda tume mwaka 1950, kazi ikasimama mwanzoni mwa miaka ya 1990, na malango yakafunguliwa tena mwaka 2006. Januari 2003, wiki chache baada ya serikali ya NARC kuingia madarakani, migomo ilienea EPZ kutoka kiwanda hadi kiwanda. Kila siku ambayo mashine zilinyamaza, mwenye kiwanda aliona oda ikimponyoka. Hiyo ndiyo nguvu ya mgomo tangu jadi: mfanyakazi anakosa ujira, mwajiri anakosa faida, na anayeumia mapema ndiye anayekubali kuzungumza. Kwenye lango la KMC hesabu ni nyingine. Kazi ikisimama pale, Hazina Kuu haipotezi oda yoyote. Anayepoteza ni mtu wa tatu ambaye hana kiti kwenye meza ya mazungumzo, yaani mfugaji aliyeleta ng'ombe.

Kwa sababu hiyo ni rahisi kumlaumu aliyegoma. Mfugaji anaona lango limefungwa na mabango yameinuliwa, naye hana haja ya kutafuta mkosaji mbali. Nadhani lawama hiyo imepotea njia. Katika nchi yetu mgomo wa watumishi wa umma huja mara nyingi baada ya pesa kuchelewa, na mkono uliochelewesha mshahara ndio uliochelewesha malipo ya mifugo. Mfanyakazi na mfugaji ni wadai wawili wa mdeni mmoja. Kinachowagombanisha ni kwamba wamewekwa kwenye foleni moja, na mfugaji amewekwa nyuma. Tukitaka alipwe kwa wakati hatuna haja ya kumfunga mikono mfanyakazi. Tunapaswa kumtoa mfugaji kwenye foleni hiyo.

Kwanza tukubaliane kwamba pesa inayolipwa Athi River si bei ya sokoni tu. Kaunti 23 za Kenya ni kame au nusu kame, na kwa kaya nyingi huko ng'ombe ni akiba ya benki na karo ya shule kwa pamoja. Ukame unapokaza, bei kwenye mnada huporomoka kwa kuwa kila mtu anauza na mnunuzi hayupo. Hapo ndipo serikali huingia kwa mpango wa kununua mifugo iliyodhoofika kabla haijafa, na KMC huwa chombo cha mpango huo. Ndivyo ilivyokuwa katika ukame wa 2009, na ndivyo ilivyokuwa tena baada ya Rais Uhuru Kenyatta kuutangaza ukame kuwa janga la kitaifa Septemba 2021, katika kipindi ambacho misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Pesa hiyo ni ruzuku kwa maana kamili: inampa mfugaji kitu mkononi kwa mnyama ambaye baada ya wiki mbili angebaki ngozi na mifupa. Lakini ina sharti ambalo ruzuku ya mbolea haina. Mfuko wa mbolea ukikaa stoo mwezi mzima utabaki mfuko wa mbolea. Ng'ombe aliyedhoofika hasubiri. Mwaka 2009 mifugo ilifika Athi River kwa wingi kuliko uwezo wa kiwanda, na baadhi ya ng'ombe walifia nje wakisubiri zamu ya kuchinjwa. Hapakuhitajika mgomo kulileta janga hilo. Ilitosha mnyororo kuwa mwembamba mahali pamoja.

Mnyororo wenyewe tuufuate. Ng'ombe hushuka kwenye lori baada ya safari ambayo kutoka Garissa ni zaidi ya kilomita 300, na kutoka Wajir ni mbali zaidi. Hunyweshwa, hukaguliwa akiwa hai, huchinjwa, kisha mkaguzi hupiga muhuri nyama, kwa maana sheria ya udhibiti wa nyama hairuhusu kipande kitoke bila hilo. KMC haimlipi mfugaji kwa uzito wa mnyama aliyesimama, inamlipa kwa uzito wa nyama baada ya kuchinjwa na kupoa, kwa kufuata daraja. Ina maana kwamba kiasi anachodai mfugaji hakijulikani hadi wafanyakazi wamalize kazi yao. Baada ya hapo karatasi huenda kwa mhasibu. Ikiwa ni ununuzi wa dharura unaogharimiwa na serikali, pesa hutoka wizarani, wizara huisubiri Hazina Kuu, na Hazina haiwezi kutoa kitu bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, kama Katiba inavyotaka. Kwenye kila pingili ya mnyororo huo yupo mtumishi wa umma anayesubiri mshahara wake.

Ukiutazama mnyororo huo vizuri utaona kwamba malipo yanaweza kukwama kwa njia mbili, na nadhani mjadala wetu huvurugika kwa kutozitofautisha. Kuna kukwama kwa mikono: pesa ipo, lakini wa kupima, kukagua na kutia sahihi hayupo. Na kuna kukwama kwa mfuko: watu wote wako kazini, karatasi zimekamilika, ila akaunti ni tupu. Mgomo ni kukwama kwa mikono. Tukitaka kujua madhara yake peke yake, bila kuchanganywa na mfuko mtupu, tuitazame Kanada. Tarehe 19 Aprili 2023, watumishi wa serikali kuu zaidi ya 155,000 waligoma wakidai nyongeza, na wakulima wakaonywa kwamba baadhi ya huduma na malipo ya mipango ya kilimo yangechelewa, wakati wa maandalizi ya kupanda. Kundi kubwa lilirudi kazini Mei 1. Ucheleweshaji ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa na mwanzo na mwisho, kwa sababu nyuma ya meza zilizoachwa wazi pesa ilikuwepo. Mikono ikirudi, pesa inatembea.

Kenya migomo mikubwa ya umma imekuwa na sura nyingine. Madaktari waligoma kwa siku 100 kuanzia Desemba 2016 wakidai mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2013 utekelezwe. Mwaka 2024 waligoma tena kwa siku 56, na miongoni mwa madai yao zilikuwemo ahadi zilizobaki kwenye mkataba wa 2017. Wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma walikaa nje siku 49 mwaka 2025, na kiini cha ugomvi kilikuwa Sh7.9 bilioni za makubaliano ya miaka ya 2017 hadi 2021. Katika yote haya mfanyakazi hakuwa akiomba jambo jipya tu. Alikuwa akidai deni. Mwajiri alitia sahihi, akaahirisha, akaahirisha tena, na mgomo ukaja kama hatua ya mwisho ya kudai. Aliyesoma habari za migomo yetu kwa miaka kumi iliyopita atakubali kwamba kukwama kwa mikono kumekuwa mtoto wa kukwama kwa mfuko. Na hata kabla ya mgomo wenyewe huja mgomo baridi, ambao hautangazwi na hauna notisi: mtu yupo kazini, lakini faili ya kusukumwa leo inasukumwa wiki ijayo, kwani aliyekaa miezi bila mshahara hana nauli ya kufika kila siku wala moyo wa kukesha mezani.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni ule wa malipo yaliyochelewa bila mgomo wowote. Wakulima wa mahindi wa Bonde la Ufa walipeleka mavuno ya 2017 kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka kwa bei ya Sh3,200 kwa gunia la kilo 90, na mwaka 2018 wengi wao walikuwa bado wanadai, huku ikifichuka kwamba wafanyabiashara waliingiza mahindi yao na kulipwa mbele yao. Watumishi wa bodi hawakuwa wamegoma. Tanzania, Novemba 2018, Rais John Magufuli aliagiza serikali inunue korosho zote kwa Sh3,300 za huko kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Malipo yakaingia katika uhakiki ili kuwabaini walanguzi wanaoitwa kangomba, na wakulima wa Mtwara na Lindi wakasubiri hadi mwaka uliofuata. Hapo pia hapakuwa na mgomo, wala usingewezekana, maana waliobeba magunia walikuwa askari. Mtu anayesema mgomo ndio adui wa malipo ya mkulima ana wajibu wa kueleza matukio haya mawili.

Kisa cha korosho kinatufikisha kwenye hoja iliyopata nguvu zaidi Athi River. Septemba 2020 serikali iliihamisha KMC kutoka wizara ya kilimo hadi Wizara ya Ulinzi. Kiwanda kilikuwa kimeelemewa na madeni, likiwemo la wafugaji, na uhamisho ukapingwa mahakamani kwa hoja kwamba umma haukushirikishwa. Wanaoutetea wana la kusema. Jeshi lina nidhamu ya kazi, lina kambi zinazohitaji nyama, na askari hagomi: Katiba yenyewe, katika kifungu cha 24, inaruhusu haki za kazi za kifungu cha 41 zibanwe kwa walio jeshini. Mimi nakubali kwamba mteja wa uhakika ni neema kwa kiwanda cha nyama, na kwamba usimamizi mkali unaweza kuziba mianya ya wizi. Sikubali kwamba uwezo wa kutogoma ndio uliokosekana. Askari anaweza kupima ng'ombe usiku na mchana, lakini hawezi kutoa pesa ambayo Hazina haijaituma. Na kuna gharama ambayo haionekani mapema. Mgomo, pamoja na maudhi yake yote, ni kengele. Unatangaza kwamba shirika haliwezi kulipa kabla mfugaji wa Isiolo hajajaza lori. Chombo kisicho na kengele hufika kwenye kufilisika kikiwa kimya.

Wengine hupendekeza njia ya sheria, yaani kazi ya kuwalipa wakulima itajwe kuwa huduma muhimu, ili mgomo upigwe marufuku. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 ina orodha hiyo katika jedwali lake la nne: maji, hospitali, uongozaji wa ndege, zimamoto, posta na serikali za mitaa, vivuko. Hospitali zimo. Marufuku hiyo haikuwazuia madaktari kukaa nje siku 100, wala siku 56. Mahakama ya Ajira ilitoa amri, viongozi wa chama wakafungwa kwa muda mwaka 2017, na wagonjwa wakaendelea kufa. Sheria inaweza kuuita mgomo haramu, lakini haiwezi kumlazimisha mtu asiye na mshahara afanye kazi vizuri. Isitoshe, kipimo cha Shirika la Kazi Duniani cha huduma muhimu ni hatari kwa uhai, usalama au afya ya watu, na tukianza kukipanua kwa kila ofisi inayolipa mtu pesa, haitabaki ofisi ya serikali yenye haki ya kugoma. Ningekubali jambo dogo zaidi na lenye manufaa zaidi. Wanyama wakishakuwa ndani ya ua wa kiwanda, mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri utaje wazi kundi dogo la kubaki kazini, wakiwemo wanyweshaji, wachinjaji wa zamu moja, mkaguzi na mtu wa mizani, mpaka ng'ombe waliofika kabla ya notisi kwisha wawe wamechinjwa na kupimwa. Sheria inadai notisi ya siku saba kabla ya mgomo, na siku saba zinatosha kuyasimamisha malori huko yalikotoka. Makubaliano ya namna hiyo hutekelezeka kwa sababu mfanyakazi ameyakubali mwenyewe, na kwa sababu naye hataki kuona mnyama akifa kwa kiu mlangoni pake.

Kuhusu kubinafsisha sitakaa sana. Mumias Sugar iliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001 ikawa fahari ya magharibi, na mwaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu, wakulima wa miwa na wafanyakazi wakidai kwa pamoja. Mwaka 2025 viwanda vinne vya umma, Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, vilikodishwa kwa kampuni binafsi kwa miaka 30, na mojawapo ya maswali mazito lilikuwa nani atabeba malimbikizo ya mishahara na ya miwa. Kubadilisha mwenye kiwanda hakubadilishi foleni ikiwa pesa zote bado zinapita mlango mmoja.

Kuna pia wanaosema teknolojia imemaliza suala hili. M-Pesa ipo tangu 2007, kwa nini karatasi zipite mikononi mwa watu? Hoja hii ina uzito kuliko zilizotangulia, na kaskazini mwa Kenya imeshajaribiwa. Mpango wa kinga dhidi ya njaa, HSNP, umekuwa ukituma pesa moja kwa moja kwenye akaunti za benki za kaya za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, na bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010 hulipa kwa kutazama picha za setilaiti za malisho, bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Pale ambapo malipo hayategemei kipimo cha kitu mkononi, tuondoe mikono kadiri tuwezavyo. Lakini setilaiti haipimi nyama. Mpango wa mbolea ya ruzuku umetufundisha hilo: mkulima hupata ujumbe kwenye simu kwamba mifuko yake iko tayari kwa Sh2,500, na bado lazima afike ghalani amkute mtu wa kumfungulia. Simu inafupisha safari ya pesa iliyokwisha kutolewa, ila haiwezi kuifanya Hazina itoe.

Kwa hiyo narudi kwenye mfuko. Pendekezo langu ni kwamba pesa ya kununua mifugo ya ukame isiingie kamwe kwenye akaunti za uendeshaji za kiwanda. Iwekwe benki katika akaunti ya amana kabla ununuzi haujaanza, na itoke kwa sharti moja, yaani karatasi ya mizani yenye uzito, daraja, tarehe na muhuri wa mkaguzi. Kiwanda kikidaiwa umeme, hakiigusi. Mishahara ikichelewa, haifidiwi kutoka humo. Hili si jambo geni nchini. Tangu 2023 pesa za kahawa inayouzwa kwenye Soko la Kahawa la Nairobi hupitia mfumo wa malipo ya moja kwa moja unaoendeshwa na Benki ya Ushirika, ili mauzo yasikae mifukoni mwa wakala kabla ya kumfikia mkulima. Mfumo huo umepata wapinzani, na baadhi ya vyama vya ushirika vililalamika kwamba vimeondolewa kwenye usimamizi wa pesa za wanachama wao. Lakini kanuni yake ni sahihi: pesa ya aliyeleta mazao si mtaji wa uendeshaji wa aliyeyapokea.

Mchumi wa Hazina atauliza kwa haki kwa nini mabilioni yalale kwenye akaunti huku serikali ikikopa kwa riba kubwa. Nia ya serikali imekuwa kukusanya pesa zote za umma kwenye akaunti moja, si kuzitawanya. Jibu ni kwamba amana hii haihitaji kuwa ya mwaka mzima. Ununuzi wa mifugo ya ukame hudumu miezi michache, na riba ya miezi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na thamani ya ng'ombe waliokufa wakisubiri, kisha chakula cha msaada kinachofuata. Mtetezi wa wafanyakazi naye ataogopa kwamba nikimwondoa mfugaji kwenye foleni, nimempokonya mgomaji nguvu, kwa kuwa kilio cha mfugaji ndicho kinachoifanya serikali isikie. Naielewa hofu hiyo, lakini naona kinyume chake. Kila mgomo wa umma huvunjwa kwa neno moja: mnawaumiza wanyonge. Mfugaji akiwa amelipwa, neno hilo linakosa makali, na kinachobaki mezani ni kiwanda kilichosimama, kambi na maduka bila nyama, na mwajiri asiye na wa kumsingizia. Hapo mgomo wa Athi River utafanana na ule wa EPZ, na hasara itakaa kwa aliyevunja ahadi. Watu hupenda kusema wapiganapo ndovu wawili ziumiazo ni nyasi, na katika jambo hili methali inapotosha, kwani mchinjaji wa KMC anayedai mshahara si ndovu.

Linabaki swali la lini amana iwekwe, na hapa hatuna kisingizio cha kushtukizwa. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa kila mwezi kwa kila kaunti kame, ikitaja kama hali ni ya kawaida, ya tahadhari, ya hatari au ya dharura. Mpaka sasa pesa huanza kutafutwa kaunti zikiwa kwenye hatari au dharura, wakati ng'ombe amekwisha kupungua na malori tayari yako barabarani. Kanuni ingeweza kusema kwamba idadi fulani ya kaunti ikiingia kwenye tahadhari, Hazina iweke amana ndani ya mwezi huo, kabla lori la kwanza halijaondoka Wajir.